Usianze na monadi, anza na skrini inayokusumbua

Nilipoamua kujifunza lugha za kifanksheni (lugha za programu ambazo kazi hugawanywa kuwa fanksheni, yaani vipande vinavyopokea thamani na kurudisha nyingine), miezi mitatu ya kwanza niliimaliza nikipigana na monadi, dhana yao ngumu ya kuunganisha hatua za kazi. Nilisoma maelezo ya kila namna, nikachora mishale na visanduku, na bado sikuwa na hata kitufe kimoja cha kubonyeza. Kama unaanza leo, weka hayo kando. Chukua skrini moja ya aplikesheni yako, ile inayokunyima usingizi.

Yangu ilikuwa ya malipo. Niliiendesha kwa vigeu (majina yanayohifadhi thamani) vitatu vya ndiyo au siyo: inapakia, imeshindwa, imekamilika. Vitatu hivyo vinazaa michanganyiko minane, na mteja akaangukia ule ambao sikuwahi kuuwaza: duara linazunguka, ujumbe wa kosa uko chini yake, risiti iko juu. Akabonyeza tena, akalipa mara mbili. Nikaziba kosa hilo. Wiki mbili baadaye tatizo likarudi kwa sura nyingine.

Skrini hiyo nikaiandika upya kwa ReScript, lugha ya ukoo wa OCaml (lugha ya kifanksheni ya zamani zaidi) inayozalisha JavaScript, lugha ya vivinjari. Vigeu vitatu vikawa aina moja, yaani maelezo ya thamani zinazoruhusiwa, yenye hali nne: Haijaanza, Inapakia, Imeshindwa ikiwa imebeba sababu, na Imekamilika ikiwa imebeba risiti. Risiti haikai kwingine kokote, kwa hiyo huwezi kuionyesha kabla ya wakati wake hata ukitaka. Baadaye nilipoongeza hali ya tano, Inasubiri Uthibitisho, kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ilinitajia kila mahali nilipokuwa sijaishughulikia. Palikuwa kumi na moja. Mimi nilikuwa nakumbuka patano. (Kulipa mara mbili kwenyewe hakuponywi na aina, tuelewane: seva lazima ilitambue ombi lililorudiwa kwa namba yake ya kipekee.)

Faida kubwa niliiona tulipotaka programu ya simu. Hesabu za bei, ukaguzi wa fomu na fanksheni inayopokea hali ya zamani pamoja na tukio kisha kurudisha hali mpya, vyote vilikuwa folda moja isiyojua kivinjari wala simu ni nini. Tovuti ikaitumia kupitia React, maktaba ya JavaScript ya kujenga skrini, na simu kupitia React Native, nduguye wa simu, bila kubadilisha mstari. Mpangilio huu wa hali na tukio ulienezwa sana na Elm, lugha aliyoianzisha Evan Czaplicki mwaka 2012, na naipenda hadi leo. Kilichonizuia kwenda nayo kwenye simu ni toleo la 0.19 la mwaka 2018, lililofunga njia ya vifurushi vya kawaida (msimbo ambao watumiaji hushirikishana) kuita JavaScript moja kwa moja. Mimi nilihitaji kuiita ili nipate kamera na ramani.

Nilijaribu pia kushirikisha sehemu ya kuchora skrini. Usijaribu. Kibodi, ruhusa na kitufe cha kurudi nyuma vina tabia zake kwenye simu, na nilipoteza muda mwingi kuvilazimisha vifanane na tovuti.

Jambo jingine: aina hazikulindi na kinachoingia kutoka nje ya programu. Siku moja seva ilituma kiasi kama maandishi, "1500" ndani ya alama za nukuu, nami nilikuwa nimeiambia lugha kwamba ile ni namba. Ikaniamini. Nikajumlisha 200 ya usafirishaji, skrini ikaandika 1500200. Tangu hapo kila JSON (data ya maandishi inayotumwa na seva) inakaguliwa mlangoni, uga kwa uga, na isiyoeleweka inageuzwa kuwa Imeshindwa hapo hapo. Vivyo hivyo kwa maktaba za JavaScript: kila moja naifungia kwenye faili yake, ili ikidanganya nijue pa kutazama.

Skrini ya malipo sasa ina hali saba. Ya mipangilio bado ni JavaScript ileile ya zamani; haijawahi kunisumbua, na siigusi.