Nimemwambia bosi "nakupenda" kwenye simu, nifanyeje?

Mwezi huu barua zenu zimenichekesha mpaka machozi, na nyingine nimezisoma mara mbili kwa huruma maana naona kabisa aliyeandika hakulala. Karibu zote zimetoka kwa mabinti walioanza kazi juzi juzi tu. Nimechagua nne, majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Dada mambo, naomba unisaidie maana naona kama nitaacha kazi. Mi kila jioni naongea na mama kwa simu na tukimaliza lazima niseme "haya nakupenda, lala salama", nimezoea hivyo toka niko chuo. Sasa juzi bosi kanipigia saa nne asubuhi anataka kujua ripoti ya mwezi imefika wapi, mkali huyo hana utani na mtu, nikamweleza kila kitu vizuri mpaka akaridhika, tunamaliza si nikajisikia nasema "haya nakupenda, lala salama". Saa nne asubuhi! Kukawa kimya kama sekunde tatu hivi, alafu na yeye akasema "haya, na wewe pia" akakata simu. Dada nilikaa chini. Toka siku hiyo lifti siigusi, napanda ngazi na tuko ghorofa ya sita. Yeye mwenyewe simwoni hata koridoni, wiki nzima sasa. Nimwandikie imeili nimweleze kwamba yale yalikuwa ya mama? Ana mke na watoto jamani.

JIBU: Mdogo wangu, imeili usiandike. Itakaa kwenye kompyuta za ofisi miaka na miaka ikiwa na neno "nakupenda" ndani yake, na atakayekuja kuisoma hatakuwa na habari na mama yako.

Kilichokupata ni kitu cha kawaida sana. Maneno ya kufungia simu huwa hatuyafikirii, mdomo unayajua wenyewe kama mkono unavyofunga mlango huku mawazo yako yako mbali, akili ikisikia tu mazungumzo yanaelekea mwisho inatoa yale iliyoyazoea. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walitoa utafiti mwaka 2016 kuhusu watu kuitana majina yasiyo yao, wakakuta makosa yenyewe yana mpangilio wake, yaani mzazi anamwita mtoto jina la ndugu yake, rafiki anaitwa jina la rafiki mwingine, na kuna watu kabisa walioitwa na ndugu zao jina la mbwa wa nyumbani. Mbwa ni mmoja wa familia kwahiyo jina lake liko kapu moja na ya watoto. Na wewe ni hivyo hivyo, simu ya bosi ilikwenda vizuri, mmesikilizana mpaka mwisho, ikaingia kwenye kapu la simu ya mama.

Lakini mi kilichonigusa zaidi ni jibu lake. Hebu lisome tena taratibu. "Haya, na wewe pia." Huyo mtu mkali asiye na utani na yeye ulimi umemteleza! Bila shaka ndo anavyomjibu mkewe kila siku, likamtoka, akakata simu na nahisi na yeye akakaa chini kama wewe. Alafu unaniambia wiki nzima humwoni. Wewe uko kwenye ngazi unamkwepa, na yeye huko aliko inawezekana anakukwepa wewe, anawaza huyu binti atanifikiriaje, atamwambia nani. Nyie watu wawili mnateseka kwa kitu kimoja na kila mmoja anajua ni chake peke yake.

Kwahiyo kesho panda lifti. Ukikutana naye msalimie kama siku zote, alafu sema mara moja tu, "Bosi samahani kwa ile simu, huwa naongea na mama kila jioni, ulimi ukateleza." Liseme mkiwa mmesimama, msifunge mlango, usiende ofisini kwake maalumu kwa hilo, na ukimaliza muulize habari ya ripoti ili apate pa kushika. Utaona atakavyopumua.

Ila nikuambie na hili, maana nakujali. Ikitokea akaanza kulitumia hilo neno lako kukusogelea, kicheko kimeisha hapo. Mwambie hutaki, andika tarehe na alichosema, peleka kwa watu wa utumishi. Kuteleza ulimi sio kumkaribisha mtu.

SWALI: Dada nilitoka nyumbani alfajiri gizani sikutaka kuwasha taa nikamwamsha mdogo wangu, kumbe nimevaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha bluu iliyokolea, tena cha bluu kina ua juu. Nimegundua saa sita mchana! Nikakaa kwenye kiti mpaka saa kumi na moja, nimebana mkojo, chakula nimeagiza kwa wenzangu. Hivi ofisi nzima si wananisema?

JIBU: Hawakusemi mpenzi. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake waliandika kuhusu jaribio lao, walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwanamuziki Barry Manilow, kitu ambacho vijana wale waliona aibu kuvaa, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Waliovalishwa wakakisia kwamba kama nusu ya watu wameiona. Walioiona ni kama robo tu. Na hiyo ni sura nzima ya mtu kifuani, wewe una ua moja chini ya meza, na toka asubuhi mpaka saa sita umetembea nalo ofisi nzima hakuna aliyesema neno.

Kilichoniumiza kwenye barua yako ni huo mkojo. Usirudie tena. Kubana hivyo kila mara sio kuzuri kwa kibofu, na aibu ya kiatu haistahili malipo hayo. Weka jozi moja ya akiba chini ya meza yako ofisini na maisha yaendelee.

SWALI: Dada naandika huku natetemeka. Tuna grupu la WhatsApp la ofisi, watu 34. Kuna mama mmoja kwenye idara yetu anatuma voisi noti za dakika nane nane, mpaka uifikie ile sehemu anayosema kikao ni saa tisa umeshasikia na habari za mafua yake. Sasa nikataka kumwandikia rafiki yangu pembeni "mama katuma tena redio nzima, mwenye nguvu asikilize atusimulie", nikaituma kwenye grupu la ofisi. Nikaona kosa hapo hapo, nikabonyeza kufuta, lakini kwa presha badala ya "futa kwa wote" nikabonyeza "futa kwangu". Yaani mimi siioni, wao wote wanaiona!! Baada ya dakika mbili mama mwenyewe akatuma kidole gumba. Hakuna mtu mwingine aliyeandika kitu. Kile kidole kinamaanisha nini dada?

JIBU: Pole sana, hii nimeisoma huku nimeshika kichwa.

Nianze na simu ili wengine wapone. Kufuta kwa wote kuko WhatsApp toka mwaka 2017, na hilo kosa lako la kubonyeza "futa kwangu" limewapata wengi mpaka mwishoni mwa 2022 wakaweka kitufe cha kutengua, kinatokea chini pale kwa sekunde 5 tu, ukiwahi meseji inarudi alafu ndo unaifuta kwa wote. Toka 2023 unaweza pia kuihariri meseji ndani ya dakika 15. Ila ujue ukifuta kwa wote panabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa na watu wanaanza kuulizana ulisema nini, na ukihariri panaandikwa kabisa kwamba imehaririwa. Kwahiyo hata ungewahi, mama wa watu alikuwa ameshaisoma.

Kidole gumba usikitafsiri, utajitesa bure. Anayejua maana yake ni yeye, na utaijua ukienda kumwona.

Na uende, kwa miguu yako, leo kabla ya kesho. Usitume meseji na zaidi ya yote usitume voisi noti. Mkute akiwa peke yake, mwambie "mama shikamoo, nimekuja kuomba msamaha kwa nilichoandika, nimekukosea heshima mbele ya watu". Usiseme ulikuwa unatania, maana hapo unamwambia tatizo ni yeye hajui utani. Usiseme pia kwamba ulitaka kumtumia mtu mwingine, atajua mnamsema kila siku. Kama umemkosea kwenye grupu basi na kwenye grupu andika mstari mmoja wa kuomba radhi, bila maelezo.

Alafu akishakupokea, muulize taratibu kuhusu hizo voisi noti. Nimeshaona watu wazima wengi wanaotuma sauti kwa sababu herufi za simu hawazioni vizuri, au kuandika kwa kidole kimoja kunawachosha, na wanaona aibu kusema. Mwambie "mama, ukiwa na tangazo nipigie mimi nitakuandikia kwenye grupu." Ukilifanya hilo kwa moyo wote utapata mtu wa kukusimamia hapo ofisini, na mtapumzika wote na hizo dakika nane.

SWALI: Shikamoo dada. Mchumba wangu alipanga nimsalimie mama yake kwa video kwa mara ya kwanza. Nikasuka, nikavaa vizuri, nikakaa penye mwanga. Simu yangu iliisha chaji nikaazima ya dada yangu, kumbe mwanae alikuwa anachezea zile sura za wanyama. Mi macho yote yako kwa mama, sijiangalii mwenyewe, nimesema shikamoo nikiwa na masikio ya paka na sharubu, na kila nikiongea ulimi wa pinki unatoka. Dakika ishirini! Mama hakucheka hata kidogo. Baadae akamwambia mwanae "binti ana heshima, ila sura sikuiona vizuri." Nimekwisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hujaisha hata kidogo. Mama mtu mzima ameongea na paka dakika ishirini nzima, akaipokea shikamoo yake, na bado akatoka hapo anasema binti ana heshima. Ameishika sauti yako na maneno yako, vile vingine kaviacha. Mi huyo mama nimempenda.

Februari 2021 mwanasheria mmoja wa Texas, Marekani, aliingia kwenye kesi kwa Zoom akitumia kompyuta ya katibu wake, akatokea ni mtoto wa paka, macho yanahangaika huku na huku, ikabidi amwambie jaji kwamba yuko tayari kuendelea na kwamba yeye sio paka. Jaji alimwelekeza namna ya kuitoa. Angalia mlivyofanana, wote kifaa cha kuazima, wote mko kwenye jambo zito.

Sasa wewe usisubiri mchumba akupangie tena, wiki hii hii mpigie mama mwenyewe, kwa simu yako, imejaa chaji, jiangalie kwanza kwenye kamera ndo ubonyeze. Mwambie "mama, siku ile hukuniona, nimekuja unione." Na huyo mtoto wa dada yako mkalishe pembeni yako aonekane, amsalimie bibi na amweleze kwa mdomo wake masikio yalitoka wapi.