Sampla: kungoja M8 au kuchukua SP-404MKII au Digitakt sasa hivi?

Mkuu, nimekuelewa hivi: una hela ya sampla moja (mashine ya kurekodi vipande vya sauti, yaani sampo, na kuvipiga upya), unapiga singeli na hip hop, moyo uko kwa M8 ya Dirtywave lakini inabidi kuagiza mapema na kukaa foleni, na wenzako wanakusukuma uchukue SP-404MKII ya Roland au Digitakt ya Elektron ya mtumba. Kwa maoni yangu usijibu swali hilo kwa kusoma karatasi za sifa. M8 unaweza kuijaribu wiki hii hii bila kuwa nayo, nitaeleza chini. Tumalizane kwanza na hizi mbili zinazopatikana.

Kumbukumbu ndipo watu wanapojikwaa. Sauti ya mono (mkondo mmoja, bila kushoto na kulia) ya biti 16 kwa 48 kHz inakula baiti 96,000 kila sekunde. Digitakt ya kwanza, ile ya 2017, inakupa MB 64 kwa kila projekti, yaani kama dakika 11 na nusu za mono. Kwa ngoma na vipande vifupi ni nyingi mno, kwa kuweka wimbo mzima uukatekate zinaisha haraka. Tena ile ya kwanza ni mono tupu. Faili la stereo linaunganishwa kuwa mono likiingia, na rekodi zenye vinanda vilivyotandazwa kushoto na kulia, kama taarab nyingi, zinaweza kutoka zimepwaya, kwa sababu pande mbili zilizopishana fezi (wimbi la moja likipanda, la nyingine linashuka) zinafutana zikikutana. Jaribu kwanza kwenye kompyuta: geuza kipande kiwe mono, sikiliza kama fidla bado ipo. Digitakt II ya 2024 imetatua hilo, ina stereo, traki 16 na MB 400 kwa projekti, ila bei yake nayo ni nyingine.

SP-404MKII ya 2021 haina shida ya nafasi: GB 16 za ndani, projekti 16, kila moja sampo 160. Ni mashine ya kucheza na mikono, unapiga pedi, unabana efekti, unarekodi tena juu yake. Lakini kwa mtu wa singeli kuna jambo moja ambalo matangazo hayakwambii: tempo yake inaishia mapigo 200 kwa dakika. Singeli inaanzia huko na kupanda hadi karibu 300. Njia ya kuzunguka ni kuandika kwa nusu. Mdundo wa 240 unaweka 120. Hapo baa moja ya mashine inabeba baa mbili za singeli, na kwantaizi (kuvuta noti zikae kwenye gridi) ya 1/16 inakuwa kama 1/8 masikioni, kwa hiyo weka 1/32, la sivyo roli za snea zote zitavutwa mahali pasipo pake na utadhani vidole vyako ndivyo vibovu. Efekti zinazofuata tempo nazo zinakuwa za polepole mara mbili: dilei ya 1/8 itasikika 1/4, ipunguze kwa nusu. Digitakt inafika 300, huko huhitaji hila hii.

Umeme. SP-404MKII inatumia betri 6 za AA, adapta, au USB-C. Kwa USB inataka 5 V yenye ampea 1.5, na tundu la kawaida la laptop kuukuu linatoa 0.5 tu, ndiyo maana wengine wanalalamika inajizima. Pawabenki ya ampea 2 inatosha, na ina faida ya pili: ukiipa umeme kutoka laptop ileile unayorekodia, mara nyingi unapata mlio mwembamba wa mzunguko wa ethi, lakini kwa pawabenki hauna. Digitakt inataka 12 V, pawabenki ya simu haiiwashi. Ukinunua ya mtumba bila adapta yake, usichomeke adapta yoyote inayoingia. Angalia mchoro wa chanya na hasi kwenye mashine na kwenye adapta, vilingane, maana vyombo vingi vya muziki vina hasi katikati na vingine chanya katikati, na plagi zinafanana.

Sasa M8. Dirtywave ni karakana ndogo ya Timothy Lamb huko Marekani, na mashine zake zimekuwa zikitoka kwa awamu, awamu ikiisha unangoja nyingine. M8 ni traka, yaani mashine unayoandikia muziki kama jedwali, uzao wa LSDJ, programu ya muziki ya Game Boy: hakuna pedi, kuna vitufe 8 na noti zinazoshuka wima, traki 8, karibu namba zote kwa msingi wa 16. Yaani ukiona 10 ni kumi na sita, na 40 ni sitini na nne. Kuna watu hilo peke yake linawashinda, na hawakujua mpaka mzigo ulipofika. Usiwe mmoja wao.

Lamb alitoa programu ileile ya M8 bure kwa matumizi binafsi, inaitwa M8 Headless, inakaa kwenye bodi ndogo ya Teensy 4.1. Unahitaji bodi hiyo, kadi ya microSD, waya wa USB micro na kompyuta. Fomati kadi kwa FAT32, weka faili zako za WAV, ichomeke kwenye tundu la bodi. Fungua Teensy Loader, chagua faili la programu, bonyeza kitufe kidogo cha bodi, subiri ijiwashe upya. Kisha fungua m8.run kwenye Chrome: skrini ya M8 inatokea, kibodi ndiyo vitufe, na sauti inapita waya huohuo.

Yakigoma, karibu kila mara ni moja ya mawili. Waya ni wa kuchaji tu, hauna nyaya za data, na kompyuta haioni kitu kabisa. Au kadi ni feki: imeandikwa GB 64 lakini ndani ni 8, au inasoma polepole. M8 inasoma sampo moja kwa moja kutoka kadi wakati wa kupiga, hivyo kadi mbovu inaanza kukwaruza traki zikiwa sita au saba pamoja. Pima kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac kabla hujaipa kazi. Nyimbo ulizoandika unazihamishia baadaye kwenye M8 halisi, ni faili zilezile.

Andika midundo mitatu kamili humo. Ukijikuta unatamani pedi kila dakika, foleni haikuhusu, chukua SP. Ukijikuta unakata sampo vipande 16 na kuita kila kipande kwa noti yake bila hata kugusa mausi, basi jiandikishe na ungoje kwa raha, ukiendelea na Teensy.

Kwa wale wanaotamani sauti ya zamani ya SP-1200, sampla ya 1987, ambayo ndiyo sababu nyingine watu hukaa foleni za watengenezaji wadogo: ile ilikuwa biti 12 kwa 26.04 kHz, sekunde 10 kwa jumla, hivyo haikuweza kubeba kitu juu ya 13 kHz. Kwenye mashine ya 48 kHz pandisha sampo semitoni 12, irekodi upya, kisha ishushe 12. Kilichokuwa juu ya 12 kHz kimebaki nje, na ukiongeza efekti ya Lo-fi kidogo utakuwa karibu sana. Si sawasawa kabisa, kwa sababu ile ya kale ilishusha sauti kwa njia ghafi na kuacha mikwaruzo yake maalumu, lakini msikilizaji wa simu hatakushitaki.

Kabla ya kulipa agizo la mapema, uliza kwa barua pepe: hela inakatwa leo au siku ya kusafirisha? Kodi analipa nani? Vitufe na betri za kubadilisha vinauzwa? Betri ya lithiamu peke yake ni taabu kuisafirisha kwa ndege, kwa hiyo jua mapema. Forodhani thamani inayohesabiwa ni bei pamoja na usafiri na bima. Mfano, mashine ya dola 550 na usafiri wa 60 ni 610. Hata ushuru ukiwa sifuri, VAT ya 18% Tanzania bara ni dola 109.80, ya 16% Kenya ni 97.60, na nchi zote mbili kuna tozo ya reli na ada nyingine juu yake. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara kwamba ni ala ya muziki ya umeme, kifungu 9207, isije ikaingizwa kama kompyuta ukaanza kubishana kaunta.

Teensy ikikugomea, bandika hapa picha ya skrini na utaje kompyuta na aina ya kadi, tutaangalia.