Paneli za Nyumbani na Pikipiki ya Umeme

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Juu ya paa nina paneli mbili za sola, kila moja ya wati 200, ambazo huwasha taa na televisheni. Nikinunua pikipiki ya umeme, je, zitaweza kuichaji, nami niachane na petroli? – Msomaji wa Kondele

JIBU: Ndugu msomaji, pikipiki ya umeme itakufaa, ila paneli hizo hazitoshi, na hata ukiziongeza kuna kikwazo ambacho wauzaji hawakitaji: saa ambazo jua linawaka ndizo saa ambazo wewe uko barabarani na abiria.

Pikipiki ya umeme hutumia takriban yuniti (kilowati-saa) 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Paneli zako, siku ya jua zuri, hutoa kama yuniti moja na nusu, na alasiri mawingu ya mvua yakitanda, kama ilivyo kawaida Kisumu, hupungua zaidi. Taa na televisheni nazo zinadai fungu lao. Ukitaka kuchaji usiku kwa sola, itakubidi ununue betri nyingine ya kuhifadhi umeme wa mchana, jambo ambalo kwa mtu mmoja naliona ni gharama isiyo na sababu.

Chaji usiku kwa stima ya kawaida. Mvuke wa kutoka ardhini wa Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru, huzalisha umeme mchana na usiku, ilhali usiku wa manane watumiaji huwa wachache. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, iliyo nafuu zaidi saa hizo. Lakini kwa kuwa bei hiyo inahitaji mita yake pekee, inamfaa mwenye kituo cha kuchaji kuliko mpangaji mwenye tokeni za nyumbani. Hata kwa tokeni hizo, linganisha bei ya yuniti 4 na ya lita mbili hadi tatu za petroli ambazo pikipiki yako ya sasa humaliza kwa mwendo uleule. Tofauti hiyo hutokana na injini ya petroli kupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, ilhali mota ya umeme huigeuza karibu yote kuwa mwendo. Oili na plagi, bila shaka, utazisahau.

Sola itakufaa ikiwa betri itabaki juani wewe ukiwa kazini. Wenzako wa steji mkichanga, mnaweza kuweka paneli za kutosha na betri za akiba, mtu akaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Hakikisheni tu kwamba pikipiki zenu zinatumia betri za aina moja.

Kabla ya kulipa chochote, muulize muuzaji kama betri ni yako au ya kukodi, dhamana yake ni ya miaka mingapi, na vituo vya kubadilishia viko wapi ukitoka mjini kuelekea Ahero au Maseno. Kisha omba kuijaribu ukiwa na abiria mzito, upande naye mlima wa Riat, uone chaji inashuka kwa kiasi gani.