Jibu: Ukungu na kukwaruza kwa lenzi za sklera

Habari za leo, dada. Umeeleza kwamba tangu uanze kuvaa lenzi za sklera (zile pana na ngumu zinazokaa juu ya weupe wa jicho), jicho la kushoto hukwaruza asubuhi, na ukishafika kazini Uyole linaona ukungu.

Kwanza kagua kama kuna kiputo cha hewa chini ya lenzi. Mimi huvaa lenzi hizi kwa sababu ya keratokonasi, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho kuwa nyembamba na kuchongoka, na mwezi wa kwanza nilihangaika vivyo hivyo hapa Iringa, hadi nilipozoea kulaza kioo kidogo mezani, kuinamisha uso ulingane na sakafu, na kuijaza lenzi maji maalumu ya chumvi (saline) mpaka yavimbe ukingoni, kwani ukiinua kichwa kidogo tu maji humwagika na hewa ikaingia. Ukiona kiputo, vua urudie.

Ukungu wa baadaye ni jambo jingine: chembechembe za machozi hujikusanya ndani ya maji yaliyo chini ya lenzi. Mchana mimi huvua, nikasafisha na kujaza upya, kazi inayochosha vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni. Tumia maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, kamwe si ya bomba, hata yaliyochemshwa. Wakati wa kuvua, kile kimpira cha kunyonyea na kuvutia lenzi kibandike karibu na ukingo, si katikati. Jicho likibaki jekundu na kuuma, usivae tena mpaka mtaalamu wako alipime.