Kimongolia na Kiburma: vitabu vinakutisha bure

Lugha zote mbili nilijifunzia jikoni. Bweni letu la wanafunzi wa kigeni huko Japani lilikuwa na jiko moja kwa kila ghorofa, na ghorofa yetu ilikuwa na Wamongolia wawili, Mburma mmoja na mimi kutoka Mombasa. Kijapani chetu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Lakini darasani, mwalimu akieleza mpangilio wa sentensi, wale wenzangu waliitikia kwa vichwa na mimi nikibaki nimetoa macho. Nikaamini lugha zao ni ndugu.

Si ndugu hata kidogo. Kiburma ni cha ukoo wa Kitibeti na Kichina. Kimongolia kina ukoo wake mdogo, pamoja na Kiburyati na jamaa zake wachache. Wenye lugha hizo walikutana vitani, pale majeshi ya Kimongolia ya Kublai Khan yalipoivamia Pagan, ufalme wa kale wa Waburma, kati ya 1277 na 1287. Mfalme wa Pagan akatoroka, na hadi leo Waburma wanamkumbuka kwa jina la Tayokpyei, yaani aliyewakimbia Watayok, ndio wavamizi hao. Jirani yetu wa Kimongolia alikumbushwa habari hiyo kila alipoacha sufuria chafu.

Undugu haupo, ila sentensi zao zinatembea hatua moja. Niliwaomba wanitafsirie "mama amenunua nyama sokoni". (Ukimtajia Mnairobi Burma, atakachofikiria ni soko la nyama, kwa hiyo mfano ulikuja wenyewe.) Mmongolia akasema: eej zakhaas makh avsan. Mburma akasema: amei zei-ga atha we-deh. Zipange moja chini ya nyingine: mama, soko-kutoka, nyama, nunua. Kitendo mwisho, na "kutoka" inakuja nyuma ya soko. Ukishauzoea mpangilio huo katika lugha moja, ya pili haikusumbui.

Sasa nikwambie kilichonipotezea miezi. Vitabu nilivyokuwa navyo viliandikwa kumfundisha Mwingereza. Penye mlima wake waliweka sura nzima ya maonyo, na penye mlima wangu walipita kimyakimya.

Chukua upatanisho wa irabu wa Kimongolia. Kutoka sokoni ni zakhaas, kutoka nyumbani gerees, kutoka mjini khotoos, kutoka katikati tövöös. Kiambishi ni kilekile, kinavaa irabu ya neno kilipoangukia. Nilikesha na majedwali yale siku mbili. Siku ya tatu mama akanipigia simu, akawa anasimulia jinsi shangazi alivyompikia wali na jirani alivyomsomea barua. Nikanyamaza na simu sikioni. Pika, pikia. Soma, somea. Piga, pigia, leta, letea. Nani aliwahi kunifundisha wapi iwe -ia na wapi iwe -ea? Hayupo. Irabu ya mzizi inaivuta irabu ya kiambishi, nami nimekuwa nikifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Nikafunga yale majedwali.

Mengine yakafuata mkondo huohuo. Kitabu kilishangaa kwamba Mmongolia hana kitenzi cha kumiliki kama cha Kiingereza: anasema bi moritoi, mimi farasi-pamoja-na. Na sisi tunasemaje? Nina farasi. Ni ile "na" tu. Ama neno yavuulakhgui, ambalo kitabu kililikatakata kama samaki: yav ni enda, -uul- ni ya kusababisha, -akh- ni ya wakati ujao, -gui ni kukanusha. Hatapeleka. Mtu anayesema "hatutawapikishia" bila kuvuta pumzi atatishwa na hilo?

Shida yako katika Kimongolia itakuwa mdomoni. Sisi hatupendi konsonanti zikae bila irabu katikati. Avsan yangu ilikuwa "avisani" na makh yangu "makhi", wakacheka mpaka wakapaliwa na chai. Wao kinyume chetu wanameza irabu: kilichoandikwa baina husikika kama bain. Kh haitakusumbua ikiwa unasema kheri na Alkhamisi kama watu wa pwani. Ila l yao, ile ya bayarlalaa, "asante", hupita ubavuni mwa ulimi na upepo mwingi. Usiitafute kitabuni. Mrekodi mtu akiisema, kisha jirekodi wewe, usikilize zote mbili bila kujihurumia.

Upande wa Kiburma, maonyo yalianzia kwenye ng mwanzoni mwa neno. Ng'ombe wetu wameimaliza hiyo. Th na dh tunazo. Kukanusha kwa kuzingira kitenzi, ma-thwa-bu, "haendi": hata sisi tunaweka ha- mbele na kubadilisha mwisho. Vihesabio, vijineno vinavyofuata idadi, ndivyo vilivyopewa kurasa nyingi kuliko vyote: watu wawili ni lu hna-yauk, mbwa wawili khwe hna-kaung, na watawa huhesabiwa kwa neno la heshima, pa. Mtu aliyekulia kwenye watu wawili, vitabu viwili na magari mawili hashangai kusikia kwamba idadi inaangalia kinachohesabiwa.

Kuna hata zawadi kwa waliolelewa na bibi wa Kimvita. Bibi yangu hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi tu. Waburma nao hivyohivyo: pa ni hicho kihesabio cha watawa, p'a ni chura. Pumzi ikikutoka vibaya, umehesabu vyura hekaluni.

Kisha toni. Hapo kitabu kilisema kidogo, na hapo ndipo nilipoanguka. Nga ya chini, tambarare, ni "mimi". Nga ya juu, ya kuvutwa, ni samaki. Na ni tano pia. Samaki watano ni nga nga gaung (k ya kaung inalainika), na sikio langu lililozoea mkazo kabla ya silabi ya mwisho lilisikia kitu kimoja tu kikirudiwa. Mwanafunzi mwenzetu Mganda alizidaka siku ya kwanza, maana Kiganda kina toni. Kama kwenu kijijini ni Kihaya au Kikikuyu, anzia kwenye sikio hilo, liache la Kiswahili lipumzike.

Na usijifunze Kiburma kwa mtu mmoja. Mwalimu wangu alikuwa mwanamume, nami nikanakili kila kitu chake. Siku moja tulikwenda kwenye mkahawa wa mama mmoja wa Kiburma, nikajikaza nikasema "kyanaw", yaani "mimi", na kumalizia kwa neno la adabu, "khinbya". Yule mama aliweka mwiko chini akanitazama kutoka utosini mpaka viatuni. Maneno hayo ni ya wanaume. Mwanamke kama mimi husema kyama na kumalizia kwa shin. Ile nga ya "mimi" nayo usimwambie mkubwa wako. Ni ya marafiki wa rika lako, kwa mzee ni utovu wa adabu. Baada ya hapo nilimwita adaw, shangazi, akanijazia bakuli.

Maandishi: Kisiriliki cha Kimongolia, herufi 35 za mtindo wa Kirusi, ni wiki mbili. Yale ya kale yanayoshuka wima yamerudi kwenye nyaraka za serikali kuanzia 2025, lakini mwanafunzi mpya anaweza kuyasubirisha. Ya Kiburma, yale ya duara, usiyasubirishe. Herufi za Kilatini zinaficha toni na kila mtu anaandika apendavyo. Vumilia tu tahajia ya kizamani: r imeshageuka y mdomoni, ndiyo maana Rangoon ni Yangon. Ukifungua maandishi ya zamani mtandaoni ukaona takataka, simu yako ni nzima; kabla ya nchi kuhamia Yunikodi, mfumo wa herufi wa kompyuta wa dunia nzima, mwaka 2019 wengi walitumia fonti iitwayo Zawgyi.

Zote mbili kwa pamoja? Nilijaribu, nikajikuta nasema "zeiaas", soko la Kiburma na mkia wa Kimongolia. Anza na moja mpaka uweze kugombana nayo bei. Kama huna toni nyumbani, ningekwambia anza na Kimongolia.

Wale Wamongolia walinifundisha jambo moja wiki ya kwanza: kwao, ukifika kwenye hema la mtu hubishi mlango, unaita nokhoi khor, "shika mbwa". Ghorofa ya tatu, bweni lisiloruhusu hata paka, jioni mtu anasimama mlangoni pangu anapaza sauti nishike mbwa. Najibu karibu. Na kutoka jikoni Mburma anauliza, kama kawaida yao, sa pi bi la: umeshakula?