Noti ya mshairi kwenye koti la mtumba

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Uyole hapa Mbeya, mwezi wa sita baridi yetu si unaijua, nikashuka Mwanjelwa nikachukua koti la mtumba, zito kweli. Sasa jana nashona mfuko wa ndani maana ulikuwa umetoboka, nikasikia kitu kinakwaruza kwenye bitana, kukivuta kumbe noti imekunjwa mara nne, imeandikwa Banco de Portugal, escudo 100, ina jamaa wa miwani na masharubu. Jirani anasema ni mamilioni hayo nisimwonyeshe mtu. Mwingine kanipa namba ya mnunuzi ila anataka nitume kwanza elfu hamsini ya usajili. Nitume au niende benki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo elfu hamsini nunulia mbolea. Mnunuzi ndo anatoa hela, wa kudai hela kwa muuzaji huyo ana biashara nyingine.

Benki nako usipoteze nauli. Wareno waliacha escudo wakaingia yuro 2002, na dirisha la kubadilisha zile noti za mwisho mwisho Benki Kuu yao ililifunga Februari 2022. Na hata lingekuwa wazi, yuro 1 ilikuwa escudo 200.482, kwa hiyo mia yako nusu yuro haifiki.

Ila usiitupe! Huyo wa miwani ni Fernando Pessoa, mshairi, alizaliwa Lisbon 1888 lakini kakulia Durban, shule kasoma hapo, kwa hiyo ni kama wa huku huku tu. Akarudi kwao akawa anaishi kwa kuwaandikia wafanyabiashara barua za lugha za nje, halafu mashairi anayaandika kwa majina ya watu aliowabuni mwenyewe, mmoja daktari, mwingine injinia wa meli, kila mmoja na staili yake na historia yake. Kafa 1935 kaacha sanduku limejaa makaratasi. Hela hakuwa nayo, wakaja kumweka kwenye hela, mi hiyo inanichekeshaga sana.

Na mia ya Wareno ni ya waandishi kweli kweli, kabla ya Pessoa alikaa Bocage, mshairi mtukutu wa Setúbal, kabla yake Camilo Castelo Branco wa riwaya. Ukiichunguza utaona Ch. na namba, hiyo ndo namba ya muundo: Camilo 7, Bocage 8, Pessoa 9. Ningekuwa we ningezitafuta hizo mbili zilizobaki ziwe tatu mfululizo, ndo uhangaike na 1000 ya Teófilo Braga, mwandishi aliyefika hadi urais.

Yako kwa mikunjo hiyo bei imeshashuka, wakusanyaji wanataka noti iliyonyooka haijawahi kukunjwa. Lakini usiipige pasi, usiioshe, selotepu ndo kabisa usiguse. Ilaze tu katikati ya karatasi mbili safi ndani ya kitabu kizito, mbali na moshi wa jikoni.

SWALI: Niko Mafinga, mjomba aliniletea ile noti ya escudo 5000 yenye Antero de Quental, mshairi wa Kireno, nimeiweka fremu sebuleni, mbona inapauka?

JIBU: Jua la dirishani hilo. Itoe leo, katoe kopi ya rangi stesheneri, hiyo kopi ndo uitundike.