Akwaria ya chumvi nyumba ya kupanga: maji ya kubadilishia na maji ya kujazia

Mkuu, nilitaka kukujibu kwa mistari miwili, lakini naona wadau wameshaanza kukusukuma kwenye maji ya kisima, kwa hiyo acha niandike kwa kirefu.

Kwa faida ya wanaoingia sasa: jamaa amepanga ghorofa ya tatu Kinondoni, tangi lake la kioo la kufugia ni la lita 60, anataka samaki wa baharini wawili watatu, kamba, na mbele ya safari matumbawe laini. Mwenye nyumba hataki mtu aguse mabomba. Maji ya nyumba ni ya kisima, yanapandishwa kwenye simtanki. Anauliza kama atumie hayo ya kisima kwa kuwa "tayari yana chumvi", au akachote Coco Beach. Mimi nimefuga samaki wa baharini nikiwa mpangaji hapa hapa Dar miaka kadhaa, nyumba zaidi ya moja, na wenye nyumba wa kila namna.

Watu wengi hapa wanajibu kana kwamba unatafuta chanzo kimoja. Unatafuta maji ya aina mbili. Kuna maji ya chumvi, yale ya kuanzia na ya kubadilishia kila wiki. Halafu kuna maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kujazia yale yanayopotea kwa mvuke. Hayo ya kwanza kila mtu anayahangaikia, na kwa mtu wa Dar ndiyo rahisi. Hayo ya pili ndiyo yanayoua matangi ya wapangaji, tena polepole, mwenyewe akilaumu chakula au taa.

Angalia inavyokwenda. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki. Ni kama mchuzi jikoni, ukiendelea kuchemka unazidi kukolea. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 60 likipungua lita tatu tu bila kujazwa, tayari uko karibu na 37. Ukijazia kwa maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Lazima ujazie maji baridi, na kwa joto la Dar, feni ikipuliza juu ya tangi, lita moja kwa siku inaondoka bila wewe kushtuka.

Sasa piga hesabu. Lita moja kwa siku ni lita 365 kwa mwaka. Kama maji unayojazia mita ya TDS inasoma 300, yaani miligramu 300 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, mwaka mzima umeingiza karibu gramu 110 za vitu usivyovijua kwenye tangi la lita 60. Kisima kinachosoma 2000, na kwa ukanda wetu wa pwani namba hiyo si ajabu, kinakupa gramu 730. Maji yaliyochujwa vizuri yanayosoma 10 hayafikishi hata gramu nne. Ni kweli kubadilisha maji kila wiki kunapunguza mrundikano huo, lakini hakuufuti.

Ndiyo maana nasema kisima hapana, si kwa kuanzia wala kwa kujazia. Chumvi unayoionja kwenye kisima cha Dar sehemu yake inatoka baharini kweli, maana maji ya bahari hupenya ardhini pale visima vinapovutwa sana. Ila njiani yanapita kwenye udongo na mwamba, yanabadilishana madini, kwa hiyo uwiano wa magnesiamu, kalsiamu na vinginevyo si ule wa baharini tena. Na usisahau mji wetu una vyoo vya shimo na makaro kila uwanja. Naitreti, kemikali itokanayo na uchafu huo, inashuka hadi kwenye maji ya chini. Wewe unaweza kuyaogea miaka yote usione shida. Kwenye tangi utaona mwani wa kijani umejaa kioo, na matumbawe yamejikunja.

Upande wa maji ya chumvi, bahari unayo. Coco Beach siikatazi, lakini angalia ramani. Mto Msimbazi unaingia baharini pale daraja la Salender, si mbali na hapo, na unabeba kila kitu cha mjini. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, mimi sichoti hapo kabisa, na vuli nikiona mvua kubwa imepiga nasubiri siku kadhaa. Ukiweza, nenda Kunduchi, au vuka Kigamboni ushuke kusini ambako hakuna mto mkubwa wala mfereji wa mtaa.

Wakati wa kuchota ni maji yanapokaribia kujaa, si yanapokupwa. Yanapojaa yanaleta maji ya nje. Yanapokupwa yanarudi na vilivyosombwa ufukweni na kwenye mikono ya bahari. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huvuruga mchanga sana, maji mafu ya katikati yake huwa meupe zaidi, lakini mchanga si adui, utatuama kwenye dumu. Adui ni mafuta. Kwa hiyo usikinge maji ya juu juu. Zamisha mdomo wa dumu likiwa limefungwa, lifungulie kifuniko chini ya maji, likijaa lifunge huko huko.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kumtumia mvuvi. Anakwenda nje usiku au alfajiri, anarudi asubuhi. Mpe dumu lako, elewaneni bei, akujazie huko kwenye maji mengi. Nasisitiza dumu lako, ulilonunua jipya, lenye alama yako, kwa sababu dumu la kwenye boti mara nyingi limewahi kubeba petroli ya mashine. La mafuta ya kula nalo liache. Harufu ikishaingia kwenye plastiki hata ukisuuza na sabuni haitoki, na sabuni yenyewe ni sumu kwa hao kamba unaowataka.

Kuhusu ngazi: dumu la lita 20 la maji ya bahari lina zaidi ya kilo 20, unapandisha ghorofa tatu. Habari njema ni kwamba tangi lako linahitaji lita sita tu kwa wiki ukibadilisha asilimia 10. Dumu moja linakusogeza wiki tatu. Hapa ndipo tangi dogo linapomfaa mpangaji. Lina kasoro zake, maji yake hubadilika haraka, lakini mgongo utakushukuru.

Ukifika nyumbani, chuja kwa kitambaa safi kisichofuliwa kwa sabuni. Kisha chagua moja kati ya mawili: utumie siku hiyo hiyo, au uhifadhi gizani ukiwa umeweka kipampu cha hewa kinachopuliza muda wote. Maji ya bahari yana viumbe vidogo visivyoonekana. Ukifunga dumu kwenye jua la varanda vinakufa, vinaoza, vinamaliza oksijeni, na siku ya tatu utafungua dumu linalonuka yai viza. Yakikaa gizani na hewa, vinakufa na kumalizika taratibu, maji yanatulia. Kabla ya kumimina, pima chumvi. Uzito wake kulinganisha na maji baridi uwe 1.025 au 1.026. Karibu na midomo ya mito utashangaa unakuta 1.020.

Narudi kwenye maji ya kujazia, maana hapa ndipo unapotakiwa kutumia pesa.

Maji ya mgao, yaani ya bomba kutoka mto Ruvu, kama mtaani kwenu yanafika, ni afadhali kuliko kisima chenu, lakini yana klorini, na baada ya mvua yanakuja na rangi. Klorini ya kawaida inaondoka ukiyapulizia hewa siku nzima, au kwa matone ya tiosalfeti ya sodiamu yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Madini hayaondoki kwa njia hizo. Yatumie siku ya dharura.

Maji ya AC kila mtu anayapigia debe kwa kuwa ni ya bure na mita inasoma chini. Mita ya TDS haikuambii ni kitu gani kilichoyeyuka. Yale maji yametiririka juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini, kwenye trei yenye vumbi na ukungu. Shaba kidogo sana, ambayo samaki hatetereki nayo, inaua kamba na konokono. Siyatumii. Ya mvua yangefaa, ila mpangaji gani ana paa lake? Mabati yana zinki, mengine yamepakwa rangi, na simtanki la pamoja hujui nani amelisafisha na nini.

Kilichobaki ni maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kwa presha kupita kwenye utando unaozuia karibu madini yote. Una njia mbili. Ya kwanza ni kituo cha mtaani kinachojaza maji ya kunywa kwenye madumu. Vingi vinatumia RO. Nenda na mita yako, waombe kidogo kwenye kikombe, pima mbele yao, hawakasiriki. Ikisoma chini ya 10 umepata. Mpaka 30 kwa tangi la samaki na matumbawe laini unaweza kuishi nayo. Ikisoma 80 au 100, huenda utando wao umechoka au wanarudisha madini kwa ajili ya ladha, na kwako yote ni mamoja. Pima kila unapokwenda, kwa sababu kituo kilekile mwezi ujao kinaweza kubadilika.

Njia ya pili ni kamashine kako mwenyewe ka RO, ka kufunga kwenye bomba la sinki kwa kiunganishi cha kuzungusha. Hakuna kutoboa, hakuna kukata bomba, siku unahama unakafungua unakabeba. Mwenye nyumba hana la kusema. Tatizo ni presha. Utando unataka kama baa tatu na nusu mpaka nne, na simtanki lililo mita 10 juu ya sinki linakupa baa moja tu. Bila pampu ya kuongeza presha, utapata matone na maji yasiyosafika. Na kila lita safi inaacha lita tatu au nne za kumwaga. Hizo kinga kwenye ndoo, ogea, dekia, mwaga chooni. Kama bili ya maji mnachangia na wapangaji wenzako, hili usilifanye kimya kimya, waambie mapema. Na kwa kisima chenu cha chumvi utando utakufa mapema, kwa hiyo kwako kituo cha mtaani kinashinda.

Kuna mdau ameuliza kama "maji ya betri" yanafaa kujazia: yale yaliyochujwa madini yanafaa, ila dukani asidi nayo huuzwa kwa jina hilo hilo. Kama chupa haina maelezo yanayoeleweka, iache.

Chumvi ya jikoni au ya mawe kutoka Bagamoyo haitengenezi bahari. Kwenye mashamba ya chumvi kalsiamu hutangulia kuganda, magnesiamu hubaki kwenye maji yanayomwagwa mwisho, wewe unauziwa sodiamu kloridi karibu tupu. Weka akiba ya chumvi maalumu ya akwaria kwa ajili ya masika, kati ya gramu 35 na 40 kwa lita ya maji ya RO, korogesha kwa pampu siku nzima ndipo upime. Wadau wa Dodoma na Arusha, nyinyi hamna njia nyingine, na Arusha kwa floridi ile RO ni lazima.

Ukiwa baharini chota maji tu. Matumbawe na mawe yenye viumbe hai yaache, hasa kwenye visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo ni hifadhi tangu 1975.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kununua samaki nunua refraktomita, yaani kipima chumvi, na mita ya TDS. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kioo usawa wa maji, kila asubuhi jazia mpaka pale kwa kikombe. Vile vifaa vya kujazia vyenyewe vikikwama vinamwaga ndoo nzima kwa jirani wa chini, na amana yako inaondoka nayo. Pima kisima chenu, kituo cha mtaani na maji ya baharini, uweke namba zote tatu hapa.